Shafti Ipi? Lugha ya Gereji na Ubadilishaji wa Draivishafti katika Magari ya Magurudumu Yote: Mfano wa Voi na Taita Taveta

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia kazi moja ya ufundi wa magari, nayo ni kuitoa draivishafti iliyoharibika na kupachika nyingine katika gari ambalo magurudumu yake yote manne hupokea nguvu ya injini. Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada hii katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, tumezoea kudai katika makongamano yetu kwamba Kiswahili kinaimudu sayansi na teknolojia, lakini ni nadra kwetu kuketi na kuieleza kazi moja ya kiufundi kuanzia mwanzo hadi mwisho ili tuone lugha inatosha wapi na inakwama wapi. Pili, hii ni kazi ambayo neno likikosewa, kinachopotea si alama za mtihani bali pesa, siku nzima ya kazi na wakati mwingine usalama wa abiria.

Mfano wetu unatoka Voi na kaunti ya Taita Taveta kwa jumla. Mji wa Voi umo kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, takribani kilomita 150 kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi, katika mwinuko wa mita 600 hivi. Atokaye Voi akapitia Mwatate na kupanda hadi Wundanyi huwa amepanda zaidi ya mita 700 kwa mwendo mfupi wenye kona kali, na milima yenyewe huendelea hadi kilele cha Vuria, mita 2,208. Chini ni nyika ya Tsavo yenye udongo mwekundu, ambao ni vumbi jepesi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Barabara ya Mwatate hadi Taveta iliwekwa lami katika miaka ya 2010, ila njia nyingi za kuingilia vijijini bado ni za udongo na mawe. Wenyeji huzungumza Kidawida, Kisaghala au Kitaveta nyumbani. Gereji nayo, ambamo fundi anaweza kuwa Mtaita, msaidizi wake Mkamba na mteja dereva wa kutoka Mombasa, huendeshwa kwa Kiswahili.

Magari tunayoyazungumzia ni yale madogo yanayoletwa kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika: Subaru Forester na Legacy, Toyota RAV4, na Probox zile ambazo nguvu hufika hadi magurudumu ya nyuma. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini ikiwa halijapita miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba raba zinazofunika jointi za gari hilo hufika zikiwa tayari zina umri, kisha gari likaanza kupandishwa Wundanyi kila siku. Land Cruiser za zamani zinazobeba watalii mbugani tutaziacha. Hizo zina ekseli nzito iliyofungwa ndani ya bomba la chuma na ukarabati wake ni kazi ya aina nyingine.

Shafti ni ngapi?

Neno shafti katika gereji ni polisemia ya kutosha kumchosha mwanafunzi wa semantiki. Ndani ya injini mna krankishafti na kamshafti. Ndani ya giaboksi mna shafti nyingine ambazo mteja hazioni kamwe. Kinachomhusu mteja ni zile zilizo nje, chini ya gari, zinazoipeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumuni. Hizo ni za namna mbili, na hapo ndipo penye mtego.

Ya kwanza ni ndefu, huanzia giaboksi na kupita katikati ya gari hadi nyuma. Fundi huiita propela. Katika Subaru na magari mengi ya jamii hiyo imekatwa vipande viwili na kushikiliwa katikati na beringi yake. Ya pili ni fupi, hutoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu moja tu. Hii ndiyo draivishafti, nazo katika gari la magurudumu yote ni nne: mbili mbele, mbili nyuma. Gari la kawaida linalovutwa kwa mbele huwa nazo mbili na halina propela kabisa.

Difu yenyewe yataka maelezo, kwa kuwa bila kuielewa msomaji hatajua kwa nini kazi hii ina masharti mengi. Gari linapokata kona za Mwatate, gurudumu la nje ya kona husafiri masafa marefu kuliko la ndani, na magurudumu ya mbele hupita njia tofauti na ya nyuma. Kama yote manne yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, matairi yangeburutwa na chuma kingekatika. Difu huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi zinazotofautiana huku yote yakiendelea kupata nguvu. Katika gari la magurudumu yote huwa iko difu ya mbele, difu ya nyuma, na baina yao kifaa cha tatu cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Katika Subaru, difu ya mbele na kifaa hicho cha kati vyote vimo ndani ya giaboksi.

Sasa turudi kwenye majina. Kiingereza chenyewe hakikubaliani. Waingereza hutumia jina letu la draivishafti kwa shafti fupi ya gurudumu, na ile ndefu wakaiita kwa jina lililotupa propela. Wamarekani hutumia jina lilelile la draivishafti kwa shafti ndefu, na ile fupi huiita kwa jina lililotupa ekseli. Gereji za Kenya zilirithi mfumo wa Waingereza. Kijana anayejifunza ufundi leo akisoma maelekezo ya Kimarekani kwenye intaneti, atasoma habari za kitu kimoja akidhani anasoma habari za kingine. Hatari hudhihirika wakati wa kuagiza spea. Fundi wa Voi ambaye hakupata kitu mjini hupiga simu Mombasa au Nairobi, na spea ikaja kwa basi. Akisema tu "shafti ya Forester, ya nyuma", aliye upande wa pili anaweza kufunga propela, naye aliyeagiza alitaka draivishafti ya gurudumu la nyuma. Basi limekwisha ondoka, nauli ya mzigo imekwisha lipwa.

Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu hawaachi jina lisimame peke yake. Hutaja propela au draivi, mbele au nyuma, kushoto au kulia, giaboksi ya kawaida au otomatiki, kisha namba ya modeli, kwa mfano SF5 au SG5 kwa Forester za vizazi viwili vya mwanzo. Mwisho hutaja idadi ya meno kwenye ncha mbili za shafti, na kama ina ile pete ya kusomwa na sensa ya breki. Kwa lugha yetu ya darasani, hii ni fasili kwa njia ya sifa bainifu: kitu hutambulishwa kwa orodha ya sifa ambazo zikijumlishwa haziwezi kukihusu kingine. Hakuna kamati iliyowafundisha. Hasara ndiyo iliyowafundisha.

Neno propela lenyewe lina funzo kwa wafasiri. Kiswahili kina neno rafadha, nalo hutaja panga la nyuma ya meli au la mbele ya ndege, yaani kile ambacho Kiingereza hukiita kwa jina ambalo kwetu limekuwa propela. Mfasiri wa kamusi mkononi asiyewahi kuinama chini ya gari angeweza kuandika "toa rafadha ya Probox" na asishtuke. Msamiati wa bahari umewahi kuhamia kwenye gari kwa mafanikio: usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa lori. Lakini rafadha haikuhama, na sioni sababu ya kuilazimisha.

Gari linasemaje?

Kabla ya kufungua kitu chochote, fundi huuliza gari linaliaje. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao nadhani hatujautumia vya kutosha katika maandishi ya kiufundi, nao ni tanakali za sauti. Katika sarufi tunazifundisha kama pambo la usimulizi: anguka pu, nyamaza jii. Gerejini tanakali ni istilahi ya uchunguzi.

Mteja akisema gari linalia ka-ka-ka-ka anapokata kona na kukanyaga mafuta, na mlio unaongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, fundi hutazama jointi ya nje ya draivishafti ya mbele, ile iliyo karibu na gurudumu. Akisema gari linatetemeka drrr linapopanda mlima kwa gia ndogo, lakini likiachiwa mafuta linatulia, shaka huelekea kwenye jointi ya ndani, iliyo upande wa giaboksi. Kishindo kimoja cha ko! wakati wa kuingiza gia au kuachia klachi huelekeza kwenye krosi za propela au kwenye difu. Na mvumo mmoja usiokatika, vuuu, ambao hubadilika gari likiyumbishwa kushoto na kulia, kwa kawaida si wa draivishafti hata kidogo bali wa beringi ya gurudumu. Wateja wengi hununua draivishafti kwa sababu ya mvumo huo, na mvumo ukabaki palepale.

Angalia kwamba tofauti kati ya ka-ka-ka na vuuu si ya ukubwa wa sauti. Ni tofauti ya umbo: moja hukatikakatika kwa sababu gololi zinaruka kwenye mashimo yaliyolika, nyingine haina mwanya kwa sababu uso mzima wa chuma umechakaa. Tanakali imebeba umbo la tatizo. Sijui kitabu cha ufundi kinachosema jambo hilo kwa ufupi zaidi.

Baada ya kusikiliza huja kutazama. Fundi hugeuza usukani hadi mwisho na kuchungulia raba, lile koti jeusi lenye mikunjo linalofunika jointi. Raba nzima huwa kavu kwa nje. Raba iliyopasuka huwa imetapika grisi kwenye rimu na kwenye vyuma vya jirani, mstari mmoja mweusi uliozunguka kama uliochorwa. Ikiwa mpasuko ni wa karibuni na jointi bado haijalia, raba mpya, grisi mpya na vibano viwili vinatosha. Ikiwa imeachwa wiki kadhaa katika vumbi la Tsavo, mchanga umekwisha changanyika na grisi iliyobaki na kuwa kama dawa ya kusagia chuma. Hapo kubadilisha raba ni kulifunika jipu.

Kwa nini si krosi?

Swali ambalo mwanafunzi yeyote mdadisi angeuliza ni hili: ikiwa propela hupinda kwa krosi, kwa nini draivishafti ya mbele isitumie krosi vilevile, ambayo ni rahisi kutengeneza na kutengenezeka?

Krosi ni kipande cha chuma chenye mikono minne kinachounganisha shafti mbili zenye pembe baina yao. Wazo lake ni la kale. Huhusishwa na Mwitalia Gerolamo Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17. Kasoro yake ni kwamba shafti inayoingiza nguvu ikizunguka kwa kasi isiyobadilika, shafti inayopokea haitazunguka hivyo. Itaongeza kasi na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Pembe ikiwa ndogo, tofauti haionekani. Pembe ikifika digrii 30, pembe ambayo gurudumu la mbele huweza kuifikia kwenye kona za kupandia Wundanyi, kasi hupanda na kushuka kati ya asilimia 87 na 115 ya ile iliyoingizwa. Dereva angeusikia usukani ukimpiga mikononi.

Propela huikwepa kasoro hiyo kwa kutumia krosi mbili zilizopangwa sambamba, ili kinachoharibiwa na ya kwanza kirekebishwe na ya pili. Ndiyo maana fundi mwangalifu hutia alama ya rangi au ya tindo kwenye propela na kwenye sahani ya difu kabla ya kufungua zile bolti nne. Akizirudisha nusu mzunguko kando, usawa wa propela huweza kuharibika, na akizikosea krosi zenyewe mpango, gari litatetemeka kuliko lilivyoletwa, naye atatafuta ugonjwa usiokuwapo.

Kwa gurudumu la mbele suluhisho lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, pale Alfred Rzeppa, mhandisi aliyefanya kazi katika kampuni ya Ford huko Marekani, alipobuni jointi ya gololi. Gololi sita zimekaa katika mifereji kati ya kikombe cha nje na kitovu cha ndani, na zimeshikwa na kizimba kinachohakikisha kwamba, shafti zipinde vyovyote, gololi daima hukaa katika bapa linaloigawa pembe mara mbili sawasawa. Kwa kuwa ziko katikati kamili, haziupendelei upande wowote, na kasi inayoingia ndiyo kasi inayotoka. Jointi ya ndani, upande wa giaboksi, haihitaji kupinda sana. Inachohitaji ni kuteleza ndani na nje kidogo gurudumu linaporuka mashimo, kwa hiyo umbo lake ni tofauti.

Mafundi huiita jointi hii sivi. Neno hilo ni herufi mbili za Kiingereza zilizotoholewa, na hakuna atakayelielewa kwa kulitazama. Hapa ndipo ninapoona pengo la kweli. Vitu vina majina, na majina yanafanya kazi. Kisichokuwa na jina ni sababu ya kitu kuwa kilivyo. Msaidizi anaweza kukaa gerejini miaka mitano akiitaja sivi kila siku bila ya neno lenyewe kumdokezea kwamba siri yake ni usawa wa kasi. Ningependekeza tuseme kiungo cha kasi sawa tunapofundisha na tunapoandika, na sivi tunapoagiza.

Kazi yenyewe

Tuchukue draivishafti ya mbele ya Forester ya miaka ya mwanzo ya 2000. Kazi huanza gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, jambo ambalo katika miji ya milimani si la kudharauliwa. Gari likiharibikia mteremkoni, ni afadhali lishushwe hadi penye usawa kabla ya mtu kuingia chini. Kabari huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Kifuniko cha katikati ya gurudumu huondolewa, na ile nati kubwa, kwa kawaida ya soketi 32 kwa Subaru na 30 kwa Toyota nyingi ndogo, huonekana. Mdomo wa nati hii umepigwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Sharti uinuliwe kwa tindo kwanza. Anayepuuza hatua hii huharibu nyuzi za shafti, na ikiwa alikuwa amekuja kubadilisha raba tu, sasa amejinunulia shafti nzima.

Msaidizi hukanyaga breki, fundi huilegeza nati kwa mpini uliorefushwa kwa bomba. Huilegeza tu. Nati na jointi ya nje ndizo zinazoibana beringi ya gurudumu. Gari likiegemea gurudumu hilo nati ikiwa imetoka, uzito wote huishukia beringi isiyobanwa, na huharibika kimyakimya.

Baada ya hapo gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi za chuma, si kwenye jeki yenyewe wala mawe yaliyopangwa. Gurudumu hutolewa. Kalipa ya breki hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isiachwe kuning'inia kwa hosi yake, maana hosi huchanika ndani ambako haionekani. Waya wa sensa ya breki hutolewa njiani. Zipo bolti mbili zinazoliunga gurudumu na shoki. Katika Subaru ile ya juu ndiyo inayorekebisha mwinamo wa gurudumu, kwa hiyo hutiwa alama kabla ya kufunguliwa. Bila alama hiyo gari litakula tairi upande mmoja kabla ya kumaliza safari chache za Taveta.

Upande wa ndani ndiko magari haya yanakotofautiana. Katika Forester nyingi za kipindi hicho, jointi ya ndani imevaa ncha fupi inayotokeza kwenye giaboksi, na imezuiwa na pini moja ya bomba iliyopita katikati. Pini hutolewa kwa tindo nyembamba butu na nyundo, kwa upande ulio sahihi, maana tundu halilingani pande zote mbili. Wakati wa kurudisha, matundu yasipolingana shafti hutolewa na kugeuzwa nusu mzunguko. Haipigwi. Katika Toyota na Subaru za baadaye hakuna pini hiyo. Jointi huingia ndani ya giaboksi na kushikwa na pete ndogo ya waya, nayo hung'olewa kwa mtaimbo mfupi kwa mshtuko mmoja. Mafuta ya giaboksi yatamwagika, na kwa hiyo hutolewa kwanza au hukingwa.

Ncha ya nje ikikataa kutoka kwenye kitovu cha gurudumu, hurudishiwa nati kuukuu na kupigwa juu ya nati hiyo, au huwekewa kipande cha mti. Pigo la nyundo juu ya nyuzi tupu huzifunga.

Shafti mpya hulazwa chini kando ya ile kuukuu. Urefu hulinganishwa, meno huhesabiwa ncha zote mbili, pete ya sensa hutazamwa. Hii ni hatua ya dakika tano ambayo huokoa nusu siku. Spea iliyotumika, inayouzwa kwa jina la eks-Japani, yafaa ipindwe kwa mkono na kusikilizwa kabla ya kulipiwa. Wako wanaoipendelea kuliko mpya ya bei rahisi, nami huwaelewa, maana chuma chake ni cha kiwandani. Lakini raba zake zina umri uleule wa raba zilizopasuka, na ni busara kuzibadilisha wakati shafti ikiwa mezani.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa mambo mawili. Nati ya katikati iwe mpya, kwa sababu mdomo wake haupigwi mara mbili mahali pamoja kwa usalama, nayo hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Modeli hutofautiana, na kiasi cha kawaida ni kati ya Nyutoni-mita 190 na 240. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Na mafuta yapimwe. Katika Subaru ya giaboksi ya kawaida, difu ya mbele na giaboksi hunywa mafuta mamoja. Katika otomatiki difu ya mbele ina mafuta yake na kijiti chake cha kupimia, na anayeyachanganya atakuwa ameleta kazi kubwa kuliko ile aliyoimaliza.

Makatazo ya magurudumu yote

Yaliyotangulia kwa kiasi kikubwa yangefaa gari lolote. Yafuatayo ni ya gari la magurudumu yote, na mengi ya makosa ya gharama hutokea hapa kwa kuwa fundi amelichukulia kama la kawaida.

Asiwashe injini na kuingiza gia wakati magurudumu mawili tu yameinuliwa. Katika gari linalovutwa kwa mbele, kuinua mbele na kuzungusha magurudumu hewani ni njia ya kawaida ya kusikiliza jointi. Katika gari hili, yaliyo hewani yakizunguka, kifaa cha kati huweza kupeleka nguvu kwa yaliyo chini, na gari likaruka kutoka kwenye stendi mtu akiwa chini yake.

Asiliendeshe gari hata hadi nyumbani likiwa limetolewa draivishafti moja. Difu iliyofunguliwa upande mmoja humwaga nguvu upande huo mtupu. Katika Subaru nyingi za giaboksi ya kawaida kifaa cha kati kina mafuta mazito ya silikoni, ambayo hujaribu kusawazisha mbele na nyuma mpaka yanaungua. Gari likilazimika kusukumwa gerejini, jointi ya nje peke yake hurudishwa kwenye kitovu na kukazwa ili beringi isiachwe tupu.

Gari likikwama katikati ya nyika, tuseme kati ya Maktau na Taveta, lisivutwe kwa kuinuliwa ncha moja. Lipakiwe lote juu ya lori. Gharama hii huwaudhi wenye magari, na wengi huona ni uchoyo wa mwenye lori. Sio. Baadhi ya Subaru za otomatiki za miaka ya 1990 na mapema ya 2000 zina mahali pa kuchomeka fyuzi ya kuondoa nguvu nyuma kwa muda, lakini hiyo ni kinga ya mwendo mfupi, si ruhusa ya kuburuta gari hadi Voi.

Matairi manne yalingane. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochakaa lina kimo tofauti, kwa hiyo huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na kifaa cha kati hukaa kikifanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka.

Mwisho ni ile desturi ya kutoa propela ili kupunguza mafuta, ambayo wenye Probox huizungumza sana. Katika Probox propela ikitolewa gari hubaki la kuvutwa kwa mbele na huendelea kutembea, mradi tundu la giaboksi limezibwa vizuri lisivuje. Mtu akiichukua kauli hiyohiyo "toa propela" akaipeleka kwenye Forester ya giaboksi ya kawaida, ataunguza kifaa cha kati kwa namna tuliyoeleza. Kauli ni moja, kitenzi ni kimoja, nomino ni moja. Lililotofautiana ni jinsi nguvu inavyogawanywa ndani ya giaboksi, jambo ambalo katika Kiswahili cha gereji bado halina jina.

Kifaa hicho cha kati nimekiita "kifaa cha kati" katika makala yote kwa makusudi, kwa kuwa sikutaka kulibandika jina kabla ya kuonyesha kinachofanywa nacho. Difu ya kati lingekuwa jina jepesi, na katika Subaru za giaboksi ya kawaida ni sahihi. Lakini katika otomatiki nyingi za kampuni hiyo kinachofanya kazi hiyo ni rundo la sahani za klachi zinazobanwa kwa amri ya kompyuta, na katika Probox ni kikombe cha mafuta mazito kilichopachikwa kwenye mstari wa propela. Difu si jina la vyote vitatu. Kigawanyi kingevijumlisha. Kimeundwa kwa kitenzi ambacho kila fundi anacho, kimeingia katika ngeli ya KI-VI bila kulazimishwa, na fundi anayelijua neno hilo atauliza swali linalofaa kabla ya kugusa propela: gari hili kigawanyi chake ni cha aina gani?